UZI: Paa la chuma linaloingia lenyewe kwenye buti. Tumefufua Ford Skyliner ya 1957, leo limefunga

#1 Fundi Waya

Wakuu, heshima kwenu. Nimetoka kazini saa nne usiku, bado sijala, lakini nimeona niandike kabla halijapoa. Gari tulilokaa nalo gerejini miezi kumi na tisa limefungua paa lake na kulifunga tena leo jioni, mwanzo hadi mwisho, bila mkono wa mtu. Mzee mwenye gari alikuwa amesimama pembeni ameshika kofia yake. Hakusema kitu. Alinyanyua kidole kimoja tu, maana yake tulirudie. Tukalirudia.

Gari lenyewe ni Ford Fairlane 500 Skyliner ya mwaka 1957. Wengi tunajua magari ya wazi yenye paa la turubai. Hili paa lake ni bati gumu kama la gari la kawaida, na lote linainuka, linarudi nyuma na kulala ndani ya buti, kisha buti linajifunika. Ukiliona limefungwa huwezi kudhani kuwa linafunguka. Likiwa limefunguka, huoni paa limekwenda wapi.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Kazi nilijifunzia mtaa wa Gerezani, Dar, nikiwa kijana wa kushika tochi. Sasa niko Michigan, huu ni mwaka wa kumi na moja. Gari hili lilipoletwa, kila fundi wa hapa alichagua upande wake: huyu bodi, huyu injini, huyu rangi. Paa lilibaki halina mwenyewe. Nikasema nipeni mimi.

Sasa sikieni kilichomo. Paa lile linaendeshwa na mota 7 za umeme. Kuna zinazoinua, kuna zinazofunga na kufungua makomeo. Kuna jeki 4 za skrubu, rilei 10 (swichi zinazowashwa kwa umeme), swichi za kikomo 10, na waya wenye jumla ya futi 610, yaani kama mita 186. Halina hata tone la mafuta ya haidroliki. Halina kompyuta, mwaka 1957 kompyuta ilikuwa kitu cha kujaza chumba. Sasa nani anayeliambia paa lianze na nini, limalizie na nini? Hapo ndipo usingizi uliponipotea kwa majuma. Nitaeleza kesho nikipumzika. Mwenye swali aulize.

#2 Mtoto wa Keko

Nimekaa siti ya mbele mkuu. Tupia picha basi.

#3 Fundi Waya

Mkuu, mwenye gari ameomba lisipigwe picha mpaka limalizike viti, na nimemwahidi. Ngoja nikuchoree kwa maneno.

Ni gari refu, zaidi ya mita 5.3, rangi mbili: chini bluu ya maji ya bahari yenye kina kifupi, juu nyeupe. Ubavuni kuna utepe wa dhahabu unaoshuka kutoka kwenye mlango, mapezi madogo nyuma, na taa mbili za nyuma za duara kubwa kama sahani ya chai. Injini ni V8. Buti lake ndilo linalolitambulisha: ni refu na limeinuka kuliko la Fairlane nyingine za mwaka ule, kwa sababu lazima limeze paa zima. Mfuniko wa buti bawaba zake ziko nyuma, kwenye bampa, kwa hiyo unafunguka kutokea upande wa kiti cha nyuma. Unainuka kama mdomo wa kiboko unaotazama mbele.

Hata hivyo paa zima lisingeenea mle. Kwa hiyo ncha ya mbele ya paa, ile sehemu iliyo juu ya kioo cha mbele, ina bawaba zake na inajikunja ndani wakati paa linarudi nyuma. Mtu akiliona kwa mara ya kwanza hushtukia hapo. Bati linakunjika kwa makusudi, tena kwa upole.

#4 Chuma Chakavu

Mimi ni mtu mzima kidogo hapa jukwaani, niongeze la historia. Ford hawakuwa wa kwanza. Wafaransa walitangulia. Peugeot waliuza magari yenye paa la chuma la kuingia kwenye buti tangu 1934, wakiyaita Éclipse, yaani kupatwa kwa jua. Aliyebuni mfumo ule alikuwa daktari wa meno mjini Paris, Georges Paulin, ambaye alikuwa akichora magari nje ya kazi yake. Vita vilipokuja alijiunga na waliopinga utawala wa Wajerumani, akakamatwa, akapigwa risasi mwaka 1942. Kila ninapoona gari la paa la namna hii namkumbuka yeye kwanza.

Na sisi huku Peugeot tunaiheshimu kwa sababu nyingine. Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 akiendesha 404. Marehemu baba yangu alikuwa akisimulia siku ile gari lilipoingia mjini limejaa tope mpaka kwenye vioo.

#5 Fundi Waya

Mzee Chuma Chakavu, shikamoo. Hilo la Paulin lilinipita, nimelisoma mara mbili. Ahsante sana.

Kwa upande wa Ford, mfumo huu ulianza kubuniwa kwa ajili ya gari la kifahari sana, Continental Mark II. Gharama zikawa kubwa, Mark II ikatoka na paa la kawaida, na kazi yote ya paa ikahamishiwa kwenye Ford ya watu wa kawaida. Kwa hiyo kitu kilichokusudiwa kwa tajiri kikaishia kwenye duka la Ford mtaani. Si kwa bei ya chini, lakini. Mwaka 1957 Skyliner ilianzia dola 2,942, wakati Ford ya wazi yenye turubai, Sunliner, ilianzia dola 2,505. Na Skyliner ilizidi kwa uzito wa karibu kilo 190, zote ni vyuma na mota za paa.

#6 Bibi Hesabu

Ziliuzwa ngapi? Na kwa nini ziliachwa kama zilikuwa nzuri hivyo?

#7 Fundi Waya

Dada, mwaka 1957 zilitengenezwa 20,766. Mwaka 1958 zikashuka hadi 14,713. Mwaka 1959, ambapo jina la Galaxie liliongezwa, zikawa 12,915. Jumla 48,394, kisha basi. Angalia mteremko huo utaona jibu. Watu wengi walikwenda dukani kulishangaa, wengi wakanunua gari jingine.

Sababu mojawapo nimeiona kwa macho yangu. Paa likiwa limelala ndani ya buti, nafasi ya mizigo inayobaki ni kisanduku cha katikati, unaweka begi moja la safari na mfuko. Na kulichukua begi hilo lazima uiname kutoka ubavuni, maana mfuniko unafunguka kinyume. Mzee wetu anasema mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akifungia mizigo ya safari kwenye mifuko ya nguo laini ili iweze kubanwa mle ndani. Hata tangi la mafuta lilihamishwa, likasimamishwa wima nyuma ya kiti cha nyuma, kwa sababu chini hapakuwa na pa kuliweka.

Lakini wanaosema liliachwa kwa sababu lilikuwa linaharibika ovyo, nawapinga. Kwa kitu chenye vipande vingi namna ile, lilifanya kazi kwa uaminifu. Lililo mbele yangu lilifunguka na kufungika toka Eisenhower akiwa Rais mpaka mzee alipoliegesha ghalani miaka ya tisini. Kilichokuja kuliharibu ni panya na mikono ya watu.

#8 Chuma Chakavu

Bibi Hesabu, kuna jina utalitambua kwenye habari hii. Gari hili lilipozinduliwa, kitengo cha magari ya Ford kilikuwa chini ya Robert McNamara.

#9 Bibi Hesabu

McNamara yule yule wa Benki ya Dunia?

#10 Chuma Chakavu

Ndiye. Alitoka Ford akawa Waziri wa Ulinzi wa Marekani mwaka 1961, wakati wa vita vya Vietnam, halafu Rais wa Benki ya Dunia kuanzia 1968 hadi 1981. Sisi tuliokuwa shule miaka ile ya Mwalimu tulilisikia jina lake redioni bila kujua kwamba aliwahi kusimamia watu wanaokunja mabati.

#11 Fundi Waya

Haya wakuu, leo ni Jumapili, nimeketi. Nieleze hilo paa linavyojua zamu yake.

Dereva ana swichi moja tu. Gia iwe huru, injini inguruma ili betri isichoke, anashikilia swichi. Kitu cha kwanza kinachotokea: komeo la mfuniko wa buti linaachia. Mfuniko unainuka mpaka umesimama. Unapofika mwisho wake, unagusa kiswichi kidogo. Hiyo ndiyo swichi ya kikomo. Ikiguswa inafanya mambo mawili kwa pamoja: inakata umeme wa mota iliyokuwa inainua mfuniko, na inapeleka umeme kwa anayefuata. Kibao kilicho nyuma ya kiti kinajipanga. Kikimaliza, naye anagusa swichi yake. Makomeo ya paa yanaachia, yakimaliza yanagusa swichi. Paa linainuka, linakwenda nyuma, ncha ya mbele inajikunja, paa linalala. Swichi. Mfuniko unarudi chini, unajifunga. Mwisho.

Umeona? Hakuna bosi. Kila mmoja anamngoja mwenzake aseme nimemaliza, ndipo aanze. Kama mfuniko haujafika juu kabisa, paa haliwezi kuondoka, na hilo ndilo linalozuia paa lisijigonge kwenye buti. Ni kama watu wanaopokezana ndoo za maji nyumba ikiungua: wa kumi hawezi kumwaga kama wa tisa hajampa.

Uzuri wake ni huo, na shida yake ni hiyo hiyo. Mmoja akinyamaza, wote wanasimama, na paa linabaki hewani limetazama mbingu.

#12 Shani wa Umeme

Kaka Fundi Waya, mimi nasoma umeme hapa DIT, chuo cha teknolojia cha Dar es Salaam, mwaka wa tatu. Uzi huu umenigusa. Unachokieleza ndicho tunachofundishwa kwenye mitambo ya viwanda: rilei zinazofungiana njia ili mashine isirukie hatua. Siku hizi kazi hiyo imeingizwa kwenye kidhibiti cha programu, lakini michoro bado inachorwa kama ngazi ya rilei, mstari mmoja chini ya mwingine. Sikujua kwamba kuna gari la abiria lilikuwa hivyo mwaka 1957.

Swali langu: lilipokataa, ulianzia wapi? Maana swichi 10 na rilei 10, ukianza kubahatisha unaweza kuzeeka.

#13 Fundi Waya

Mdogo wangu Shani, swali lako ndilo nililokuwa nalingoja. Nitajibu kwa urefu, nivumilie.

Nilianza vibaya kwa sababu nilikuta vibaya. Waya za kiwandani za gari hili kila moja ina rangi yake, na mchoro wa Ford unakuonyesha rangi ile inatoka wapi na kwenda wapi. Lakini kabla halijafika kwetu, gari lilipita gereji nyingine miaka ya nyuma. Panya walikuwa wamekula baadhi ya waya chini ya kiti. Aliyerekebisha alikata kila palipoliwa, akaunga waya nyekundu. Zote nyekundu. Waya kijani inaingia kwenye gundi nyeusi, inatoka nyekundu, inapita chini ya zulia, inaingia kwenye gundi nyingine, inatoka njano. Nilihesabu viungo thelathini na viwili. Siku ile niliumia kweli. Kuunga si kosa, sote tunaunga. Kosa ni kumwachia mwenzako giza. Yule fundi alijua siku moja mtu mwingine atalala chali pale pale alipolala yeye.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza sikugusa mota hata moja. Nilichapisha mchoro kwenye karatasi kubwa, nikabandika ukutani, nikanunua penseli za rangi za watoto. Kila waya niliyoithibitisha kwa mita, ncha hadi ncha, naipaka rangi yake kwenye karatasi. Waya zilizoungwa nilizitoa zote, nikaweka mpya zenye rangi za asili. Karatasi ilipojaa rangi nikajua sasa naongea na waliolitengeneza.

La pili, grisi. Jeki zile zinazungushwa na kebo ndefu inayozunguka ndani ya ganda lake, mfano wa kebo ya spidomita ya zamani. Grisi ya miaka sitini huwa si grisi tena, inakuwa kama nta ya mshumaa uliozimika. Mota inasukuma, kebo inajikunja, inakatika. Na ikikatika ya upande mmoja tu, mfuniko unainuliwa upande mmoja na kupinda. Tulifungua zote, tukaosha kwa mafuta ya taa, tukapaka grisi mpya nyepesi.

La tatu ndilo lililonifundisha, maana lilikuwa kosa letu wenyewe. Naliandika kesho, simu inaniita.

#14 Mtoto wa Keko

Mkuu usituache njiani kama paa lenyewe.

#15 Mpiga Puti

Nipo kwenye bodi miaka kumi na tano, Arusha. Swali kwa upande wetu: mkishaondoa kutu na kupaka rangi, mlipataje paa kukaa sawa kwenye kioo cha mbele? Maana gari la paa linaloondoka halina nguzo ya kulishika. Mimi hata Land Rover tu ikinyooshwa vibaya milango inagoma.

#16 Fundi Waya

Mkuu wa puti, umeuliza kitu ambacho mwenzangu wa bodi alikipigania wiki nzima. Sakafu ilikuwa imeoza pande zote mbili, pamoja na sehemu za chini za mabawa ya nyuma, ambako maji hukaa na kukosa pa kutokea. Kabla ya kukata bati lolote alichomelea vyuma vya muda kutoka mlango hadi mlango, ili bodi isilegee wakati sakafu imetolewa. Ukikata sakafu ya gari la namna hii bila kulifunga hivyo, utapata gari zuri la rangi lenye paa lisilofunga milele.

Na kuna jambo la pili alilolisimamia kwa ukali. Usirekebishe paa gari likiwa juu ya jeki. Ukiinua pembe moja tu, fremu inajipinda kidogo usichokiona kwa jicho, lakini paa linakiona. Magurudumu yote manne yawe chini, upepo wa tairi uwe sawa, ndipo ukaze boliti. Tulifanya hivyo, na pengo kati ya paa na kioo likatoka sawa kushoto na kulia.

#17 Mpiga Puti

Hapo nimechukua kitu. Ahsante.

#18 Fundi Waya

Haya, la tatu.

Waya mpya, grisi mpya, bodi imenyooka, rangi imekauka. Tukashikilia swichi. Mfuniko ukainuka vizuri hadi juu. Kimya. Hakuna kinachofuata.

Shani, hapa ndipo nilipoanzia: sikwenda kwa aliyekataa, nilikwenda kwa wa mwisho aliyefanya kazi. Wa mwisho ni mfuniko. Je, swichi yake ya kikomo iliguswa? Taa ya kupimia, ikawaka. Kwa hiyo alisema nimemaliza. Je, ujumbe umefika kwenye rilei inayofuata? Niliweka kidole juu ya rilei, mwenzangu akashikilia swichi, nikasikia tik. Imefika. Je, rilei inatoa umeme kwenda kwenye mota? Taa ikawaka. Kwenye mota yenyewe? Taa ikawaka. Mota haizunguki. Nikaitoa mota, nikaipima mezani kwa betri: inazunguka kama mpya. Nikairudisha: kimya.

Nilizunguka hapo siku tatu. Umeme upo, mota nzima, haizunguki.

Siku ya nne nikamkumbuka mzee aliyenifundisha Gerezani. Alikuwa anatukataza kuiamini taa ndogo. Alikuwa na globu ya taa kubwa ya mbele ameiunga waya mbili, anasema taa ndogo inakunywa kidogo, hata bomba lililoziba litaijaza kikombe. Wewe jaribu kujaza ndoo. Nikatengeneza kama yake. Nikaweka globu kubwa mahali pa mota. Ikawaka hafifu, wekundu wa sigara.

Basi umeme unafika lakini haurudi. Nikafuata njia ya kurudi, ethi. Waya wa ethi wa mota ile umefungwa kwa boliti kwenye bodi ndani ya ubavu wa nyuma. Boliti imekazwa, safi, inang'aa. Nikaifungua. Chini yake kulikuwa na rangi mpya, nene, nzuri, bluu ya bahari. Wakati wa kupaka walipaka kila kona kwa uaminifu ili kutu isirudi, na hapo pia. Rangi haipitishi umeme. Nyuzi za boliti ndizo zilizokuwa zinapitisha kidogo, za kutosha taa ndogo, hazitoshi mota.

Nilikwangua kwa msasa kipande cha ukubwa wa sarafu, nikakaza, nikapaka grisi juu ili hewa isiingie. Shikilia swichi. Kibao kikajipanga, makomeo yakaachia, paa likainuka.

Kisha nilizipitia ethi zote za gari zima moja baada ya nyingine. Nne zilikuwa vile vile.

#19 Shani wa Umeme

Kaka, nimeisoma hii mara tatu. Nimeinakili kwenye daftari langu la mafunzo kwa vitendo. Hiyo ya globu kubwa nitaijaribu wiki hii.

#20 Chuma Chakavu

Huyo mzee wa Gerezani yupo hai?

#21 Fundi Waya

Alifariki miaka sita iliyopita, nikiwa huku. Sikuweza kwenda kumzika. Jioni ile paa lilipoinuka nilimpigia simu mwanawe, tukaongea kama saa nzima.

#22 Bibi Hesabu

Mungu amlaze pema. Na huyo mwenye gari, kwa nini aliliacha ghalani miaka yote hiyo kama alilipenda?

#23 Fundi Waya

Nilimuuliza. Alisema paa lilikwama siku moja mvua ikinyesha, likiwa nusu juu nusu chini, wakiwa na mkewe barabarani. Walilishusha kwa mikono kwa msaada wa wapita njia wanne, wakaendesha kwenda nyumbani wameloa. Mkewe alicheka njia nzima, yeye alikasirika. Akaliingiza ghalani akasema atalitengeneza Jumamosi. Jumamosi ikawa miaka.

Sasa anataka lifunge. Hajali likienda mbio, hajali maonyesho ya magari. Kila alipokuja gerejini alikuwa anauliza neno moja tu: linafunga?

#24 Mvita Mjini

Salaam kutoka Mombasa. Nimeusoma uzi huu wote tangu jana na nina shida inayofanana, samahani kama natoka nje ya mada. Nina Mercedes SLK ya 2008, ile ya R171, niliagiza Japani wakati bado iko ndani ya ile miaka minane ya umri ambayo sheria yetu ya Kenya inairuhusu gari iingie. Paa lake pia ni la chuma, linaingia kwenye buti. Limefanya kazi miaka yote. Juzi nimetoka kuchukua mizigo ya harusi ya dadangu, nikafika nyumbani, nikabonyeza swichi, kimya kabisa. Hata sauti ya pampu haisikiki. Fundi mmoja amenitajia bei ya kubadilisha pampu ya haidroliki, nimekosa usingizi. Je, niibadilishe?

#25 Fundi Waya

Ndugu wa Mvita, usilipe bado. Hujatoka nje ya mada, umo ndani kabisa. Gari lako linatumia mafuta ya haidroliki na kompyuta, la mzee wetu halina vyote viwili, lakini tabia ni ile ile: kila mmoja anamngoja mwenzake.

Umesema kitu kimoja muhimu: sauti ya pampu haisikiki kabisa. Pampu iliyochoka au mafuta yaliyovuja kwa kawaida hutoa sauti, inanguruma au paa linakwenda polepole na kukwama. Kimya kabisa mara nyingi maana yake kompyuta haijairuhusu pampu hata ianze. Kuna mmoja hajasema yuko tayari.

Na umesema tena kwamba ulikuwa umebeba mizigo. Fungua buti. Ndani kuna lile pazia linalotenganisha sehemu ya mizigo na sehemu ya kulala paa. Lipo ili begi lisikae mahali paa linaposhukia. Pazia hilo lisipovutwa na kushikwa mahali pake pande zote mbili, paa haliruhusiwi kutembea. Ukibeba mzigo mrefu unalisukuma ndani, halafu unasahau. Livute, lipachike kushoto na kulia mpaka usikie limeshika. Hakikisha buti limefungwa sawasawa. Injini ikiwa inanguruma, jaribu. Kama bado, pima betri, kisha turudi hapa kabla hujampa mtu pesa.

#26 Mvita Mjini

Shukran, nashuka chini sasa hivi kuangalia.

#27 Mtoto wa Keko

Tunasubiri Mvita.

#28 Mpiga Puti

Nami niko hapa.

#29 Mvita Mjini

Wakuu. Upande wa kushoto ulikuwa umechomoka kwenye kishikio chake, umekaa kama umeshika lakini haujashika. Nimeupachika. Nimewasha gari, nimebonyeza. Limefunguka lote. Nimelifunga tena. Dadangu yuko dirishani ananiuliza nafanya nini usiku huu.

#30 Fundi Waya

Alhamdulillah. Mwambie dadangu mdogo ndoa njema.